Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: nani anaujua mfuko wangu wote wa dawa?

Kwenu mnaopanga kliniki, mnaoandika miongozo ya matibabu, mnaosimamia vitengo vya famasia na mnaoidhinisha maandishi yanayobandikwa kwenye maboksi ya dawa.

YAH: MTU MMOJA WA KUANGALIA DAWA ZOTE ZA MGONJWA MMOJA

Kwanza poleni na kazi. Najua barua za wagonjwa hufika mezani kwenu zikiwa na hasira, na hii nimeiandika mara tatu ili hasira ipungue. Imepungua kidogo.

Mimi ni mama mwenye magonjwa manne yenye majina na la tano linalonyemelea. Presha nimeishi nayo miaka 16, kisukari miaka 11, tezi ya shingo iliyopungua nguvu miaka 7, na magoti yaliyosagika sikumbuki yalianza lini. Linalonyemelea ni figo, na hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Naanza na siku yangu ilivyo, maana nadhani wengi wenu mnazijua dawa zetu zikiwa kwenye karatasi tu. Saa 11 alfajiri nameza kidonge cha tezi kwa maji, tumbo likiwa tupu. Baada ya hapo sili kitu kwa muda wa saa nzima. Vidonge vya madini ya chuma nilivyoandikiwa kwa ajili ya upungufu wa damu havitakiwi kukikaribia kile cha tezi kwa saa nne, kwa sababu vikikutana tumboni chuma hukizuia kisiingie mwilini, ikawa nimeamka alfajiri bure. Metformini ya sukari naimeza katikati ya chakula, nikiimeza kabla tumbo linanisumbua hadi adhuhuri. Enalaprili ya presha asubuhi. Dawa ya kukojoa, nilipokuwa nayo, asubuhi vilevile, maana ukiithubutu jioni usiku unahamia msalani. Ya mafuta ya damu usiku. Jumapili jioni nakaa mezani na kijisanduku chenye vyumba 28, siku saba mara nne, najaza kimoja kimoja. Dawa zangu tano ni nyeupe na duara. Mbili kati ya hizo zina mstari katikati. Kimoja kikidondoka sakafuni, sikirudishi chumbani kwa kubahatisha. Nakitupa, na mwisho wa mwezi hesabu inapungua, na dirishani naulizwa kimekwenda wapi.

Kuna jambo moja la siku ya kliniki ambalo sijawahi kumwambia daktari yeyote, nawaambia nyinyi. Siku hiyo nilikuwa simezi dawa ya kukojoa, ambayo nayo hushusha presha. Foleni ni ya saa nne, msalani ni mbali, na ukitoka nafasi yako imekwenda. Basi siku pekee mnayonipima presha ndiyo siku ambayo sijameza dawa ya presha ipasavyo. Kipimo kinapanda. Daktari anatazama namba, anatikisa kichwa, anaongeza dozi. Ningesema ukweli ningekaripiwa, kwa hiyo nilikuwa nikiulizwa "Unameza dawa vizuri, mama?" najibu "Ndiyo, daktari." Sijisifu kwa hilo.

Sasa niwasimulie yaliyonikuta, kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio hoja yangu.

Kliniki ya presha iliniandikia amlodipini. Dawa nzuri, ilinikaa vizuri. Miezi kadhaa baadaye nikalazwa usiku tatu kwa homa ya mapafu. Siku ya kutoka nilipewa mfuko wa dawa na karatasi yenye mwandiko wa haraka, na ndani ya mfuko mlikuwa na boksi la kijani la dawa ya presha. Muuguzi aliniambia, "Hii ni ya presha, moja kila siku." Nikasema asante. Hakuna aliyesema iliyoko nyumbani iache, wala hakuna aliyeniuliza kama nyumbani ipo. Nami nikawaza hivi: presha yangu ni kaidi, wameniongezea. Nikawa nameza zote mbili.

Baada ya wiki kama sita miguu ikaanza kuvimba. Viatu vilikataa. Kwenye kliniki ya sukari daktari alinibonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, alama ikabaki kama kidole kwenye udongo mbichi. Akaandika furosemidi, hiyo dawa ya kukojoa, ili maji yapungue. Yalipungua kiasi. Miezi mitatu baadaye nikaamka usiku nikidhani nimeumwa na nge kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hata shuka sikuweza kuiacha iguse pale. Ilikuwa gauti. Nikaenda kwa daktari wa magoti, kwa kuwa ndiye mwenye viungo, akanipa diklofenaki ya maumivu. Niseme haki yake: baada ya siku tatu nilikuwa natembea, nikampenda sana. Na kwa kuwa iliyatuliza magoti pia, na kwenye bahasha haikuandikwa mwisho wake ni lini, nikaendelea nayo.

Kisha damu ikapimwa, kreatinini, ile taka ambayo figo huichuja kwenye damu, ikawa juu. Nikaambiwa kisukari kimeanza kula figo.

Nililia siku hiyo, si uongo. Nilimwona marehemu kaka yangu kwenye mashine ya kusafisha damu, nikajiona mimi.

Aliyefumbua fumbo hakuwa daktari bingwa. Alikuwa msichana wa famasia, bado yuko mafunzoni, aliyekaa dirishani mchana mmoja ambao foleni ilikuwa imeisha. Nilimpa cheti changu, akakisoma, akanitazama, akauliza, "Mama, dawa zako nyingine unazo hapo?" Nilikuwa nazo, huwa natembea na mfuko. Akanifungulia mlango wa pembeni, akasema, "Hebu mwaga vyote mezani."

Nikamwaga. Maboksi, chupa, bahasha, karatasi za vidonge zilizokatwa kwa mkasi zikabaki bila jina. Akaanza kuyapanga kama mtu anayecheza karata. Akachukua boksi la kijani na lile langu la zamani la buluu, akayaweka bega kwa bega.

"Mama, haya ni dawa moja."

"Haiwezekani, mwanangu. Hili la kijani nilipewa wodini."

Hakubishana. Alilizungusha kila boksi, akaweka ukucha chini ya jina kubwa, kwenye maandishi madogo ambayo mimi bila miwani siyaoni. Buluu: amlodipini. Kijani: amlodipini. Majina makubwa ya juu yalikuwa tofauti kabisa, kwa sababu kila kiwanda hujipa jina lake la biashara. Kwa miezi minane nilikuwa nameza dozi mara mbili ya ile niliyopangiwa.

Halafu akafuata uzi polepole. Amlodipini huvimbisha miguu, na dozi ikiwa kubwa huvimbisha zaidi. Uvimbe wa namna hiyo hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoa haikuwa jibu lake. Lakini dawa ya kukojoa ina kawaida ya kupandisha asidi ya yuriki kwenye damu, na asidi hiyo ndiyo inayojikusanya kwenye kiungo ikawa gauti. Gauti ikaleta diklofenaki. Na diklofenaki ilipofika ilizikuta enalaprili na furosemidi zimeshatangulia.

Hapo alichukua karatasi akanichorea. Figo ni chujio, na chujio hilo hutegemea msukumo wa damu. Kuna mshipa mdogo wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Enalaprili huulegeza wa kutokea, na kwa mtu mwenye presha na sukari hilo kwa kawaida ni jema. Furosemidi hupunguza maji yanayofika pale. Diklofenaki, pamoja na ndugu zake kama ibuprofeni, huubana mshipa wa kuingilia. Kila moja peke yake figo hustahimili. Zikiwa tatu kwa mpigo, damu inaingia kidogo, inatoka kirahisi, na msukumo wa kuchuja unaisha. Wataalamu wanaijua hatari hii miaka mingi. Iko kwenye vitabu vyao. Haikuwa kwenye kitabu cha kliniki yoyote kati ya zangu, kwa sababu kila dawa iliandikwa chumba chake.

Alimpigia daktari simu palepale. Diklofenaki ikasimamishwa siku ileile. Boksi moja la presha nikaliacha, furosemidi ikafuata, presha ikapimwa kila wiki kuona kama inashikilia. Ilishikilia. Miguu imerudi kwenye viatu vyake. Kreatinini imeshuka, ingawa haijarudi ilipokuwa, na daktari hajaniahidi kuwa itarudi. Kazi yote ile pale mezani ilichukua dakika 25. Niliangalia saa ya ukutani, maana nilikuwa naona aibu kumchelewesha.

Naomba msinielewe vibaya. Simshitaki mtu. Nimeirudia hadithi hii kichwani mara nyingi nikitafuta mkosaji, na kila ninayemshika ananiponyoka. Wa presha alifanya sawa. Wa wodini alikuta mgonjwa ana presha akampa dawa ya presha. Wa sukari aliona uvimbe akautibu. Wa magoti alikuta mtu analia kwa maumivu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo changu mimi hakikuwa na nahodha hata mmoja, kilikuwa na wapiga makasia wanne hodari, kila mmoja akivuta kwa nguvu zake upande wake.

Hata jina lipo kwa yaliyonipata, kwa Kiingereza "prescribing cascade". Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa dawa za wazee wameeleza jinsi madhara ya dawa moja yanavyodhaniwa kuwa ugonjwa mpya, ukaandikiwa dawa nyingine, nayo ikaleta lake, mfululizo kama maji yanayoporomoka ngazi kwa ngazi. Mfano wao wa kawaida ni kikohozi kikavu kinacholetwa na enalaprili na jamaa zake: mtu anapewa dawa ya kikohozi, kisha antibayotiki, kisha picha ya kifua, na kikohozi kipo palepale kwa sababu asubuhi amekimeza tena kidonge kilekile cha presha.

Na miongozo yenu, wakuu, inalisaidia jambo hili liendelee. Kila mwongozo una ugonjwa mmoja. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walimchukua mgonjwa wa kubuni, mwanamke wa miaka 79 mwenye presha, kisukari, ugonjwa sugu wa mapafu, mifupa iliyopungua uzito na viungo vilivyosagika. Wakafuata miongozo yote mitano kama ilivyoandikwa. Bibi yule wa kubuni akatoka na dawa 12, dozi 19 kwa siku, nyakati tano tofauti. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Mimi si wa kubuni, na bibi yule amenizidi kwa kitu kimoja tu: yeye karatasi zake zote zilisomwa na watu walewale.

Mwezi Machi 2017, mjini Bonn, Shirika la Afya Duniani lilizindua wito wa dunia nzima wa dawa zisizodhuru, likilenga kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Likataja mahali patatu pa kuangaliwa kwanza: hali zenye hatari kubwa, watu wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja, na vipindi ambavyo mgonjwa anahama kutoka huduma moja kwenda nyingine, kama anapotoka wodini kurudi nyumbani. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Nimepita milango yote mitatu. Ile miaka 5 imekwisha, na wodini bado watu wanatoka na mfuko na karatasi ya mwandiko wa haraka.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kubwa: kila mtu mwenye dawa tano au zaidi za kila siku apewe mtu mmoja, kwa jina, mwenye wajibu wa kuiangalia orodha yote. Anaweza kuwa daktari wa kawaida, na akiwa mfamasia nitafurahi zaidi. Mara moja kwa mwaka, na kila mtu anapotoka kulazwa, mfuko umwagwe mezani. Na huyo mtu apewe mamlaka ya kusema dawa hii ikome, au angalau awe na njia ya kumfikia aliyeiandika akajibiwa. Hapa ndipo penye ugumu. Kuongeza dawa ni rahisi, daktari yeyote anaweza. Kuiondoa iliyoandikwa na bingwa wa chumba kingine hakuna anayetaka, kwa sababu mgonjwa akianguka kesho ataulizwa aliyeiondoa. Niliwahi kumwuliza daktari wa sukari kama bado nahitaji vidonge vya chuma, maana damu yangu ilisharudi sawa. Alisema, "Hilo waulize walioandika." Walioandika walikuwa wodini. Wodini hawana kliniki.

Mtasema watumishi ni wachache. Ni kweli, nawaona wanavyochoka. Lakini hesabuni pamoja nami: safari za kliniki kwa ajili ya uvimbe, vipimo vya gauti, vipimo vya figo, dawa tatu ambazo sikuzihitaji, na siku ambazo ningelazimika kusafishwa damu kama msichana yule angekuwa na foleni siku ile. Upande wa pili weka dakika 25. Wala sisemi tuanze na wote. Anzeni na wanaotoka wodini, wenye figo zilizopungua nguvu, wanaochoma insulini, na wanaomeza warfarini ya kuzuia damu kuganda, dawa ambayo hata antibayotiki ya kawaida kama metronidazo inaweza kuipandisha nguvu hadi mtu akavuja damu. Uingereza, katika mapitio ya serikali yao yaliyotolewa 2021, walikubali kuwa angalau asilimia 10 ya dawa zinazotolewa kwa wagonjwa wa huduma za kawaida hazikustahili kutolewa, na tayari walikuwa wameanza kuwapangia wafamasia kazi ya kuzipitia dawa za watu kama mimi. Sisemi tuige kila kitu.

La pili, orodha. Ujerumani, tangu Oktoba 2016, mtu anayetumia angalau dawa tatu za kuandikiwa na daktari kwa pamoja ana haki kisheria ya kupewa orodha yake kwa maandishi: jina la kitaalamu, dozi, saa ya kumeza, na ni ya ugonjwa gani. Karatasi tu. Mimi yangu nimejichorea mwenyewe kwa penseli na rula, naifuta na kuiandika upya, na kila daktari anayeiona anaipiga picha kwa simu yake. Hilo linaniambia kuwa mnaihitaji kuliko mimi. Kwenye karatasi ya kutoka wodini ongezeni mistari mitatu: endelea na hizi, acha hizi, hizi ni mpya. Ule mstari wa kati ungeniokoa miezi minane.

Jina la kitaalamu liwe ndilo kubwa kwenye boksi. Hayo majina ya kimataifa ya dawa yalianza kutolewa 1953 ili mtu ajue dawa ni ileile popote alipo, na leo yameandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Tena kiwanda kikibadilika, kidonge kilichokuwa cheupe kinakuja cha waridi na kirefu, na hakuna anayesema neno dirishani. Wapo wanaoacha dawa hapo, wakidhani wamepewa isiyo yao. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014 kwa watu waliopona shambulio la moyo ulionyesha jambo hilohilo: rangi au umbo likibadilika, wanaokatiza dawa wanaongezeka. Sentensi moja ingetosha: "Mama, safari hii ni cha waridi, dawa ni ileile."

Nina neno pia na bahasha. "Moja kutwa mara tatu." Sote tumekua na maneno haya na kila mtu ana tafsiri yake. Kutwa, kwa Kiswahili nilichofunzwa na mama yangu, ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Usiku tunausemea "usiku kucha". Sasa mtu anayejua lugha yake vizuri anameza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, halafu anakaa saa 13 mwili ukiwa hauna kitu. Daktari alimaanisha kila baada ya saa nane. Aliyekosea ni nani hapo? Na ile ya namba, "2×1", nimemsikia mzee mmoja kwenye benchi akimweleza mwenzake kuwa ni kimoja mara mbili, na mwenzake akashukuru. "Baada ya chakula" nayo: anayekula mara moja kwa siku ameze mara ngapi?

Haya si mambo ya kuchekesha. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, na watu wamekufa duniani kwa kuimeza kila siku. Kwa dawa ya namna hiyo andikeni siku kwa jina lake, Jumatatu, kwa herufi kubwa. Kwa nyingine andikeni saa. Na kwa dawa za maumivu, tafadhali sana, andikeni siku ya kuacha.

Mengine nayapitia haraka. Dawa zangu zinaisha tarehe nne tofauti za mwezi kwa sababu kila kliniki ilianza kuhesabu siku yake. Zipangwe ziishe pamoja, na aliyetulia apewe za miezi mitatu. Wenzetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wamepata hilo. Shirika la Afya Duniani liliwapendekezea tangu 2016, kila baada ya miezi 3 hadi 6, na hakuna aliyesema wataziuza. Damu nayo itolewe mara moja, kliniki zote zisome jibu lilelile. Mkono wangu wa kushoto umechoka. Na tupewe maelekezo ya siku ya kuugua. Huko Uskochi wagonjwa hupewa kadi ndogo inayowaambia kuwa ukitapika au ukiharisha sana, dawa kadhaa zisimamishwe kwa muda, zikiwemo metformini, jamii ya enalaprili, za kukojoa na za maumivu kama diklofenaki, kwa sababu mwili uliokauka maji hauzimudu, kisha zirudishwe mtu anapokula na kunywa kama kawaida. Mimi niliwahi kuharisha siku mbili nikiwa nameza zote hizo nne kwa bidii, nikijipongeza kuwa sijakosa dozi.

Mwisho, namna mnavyotuuliza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2003 ilisema kuwa hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa ipasavyo ni kama nusu tu. Ikiwa nusu ya watu hawawezi, hamna sababu ya kumwuliza mtu kana kwamba ni yeye peke yake mkaidi. Swali la "Unameza dawa vizuri?" lina jibu moja, na mnalijua. Yule msichana aliniuliza tofauti: "Mama, ni ipi inayokupa shida zaidi kumeza?" Nilimwambia yote, mpaka ya siku ya kliniki na msalani. Nilimwambia na mizizi niliyokuwa nachemsha kwa ajili ya magoti, ambayo kwenye faili langu lote haipo. Aliiandika. Hakunyanyua hata uso.

Nimesikia amemaliza mafunzo na amehamishwa. Dirishani yupo kijana mwingine, mchangamfu, na foleni imerudi kuwa ndefu kama zamani.

Kliniki yangu ya presha ni Jumanne ijayo, ya sukari Alhamisi ya wiki inayofuata. Nitakuja na mfuko wote siku zote mbili. Naomba kujua niumwage kwenye meza ya nani.

Wenu,
Mgonjwa wa vyumba vinne